Nondo wa Gomeni: Namna ya Kumwona, Kumtambua na Kumfuata Tangu Yai

Umeegemea mti msituni, mara kipande cha gome kinaruka. Kinapeperuka hatua kumi hivi, kinatua kwenye mti wa pili, kisha basi. Unasogea, unatazama, huoni kitu. Unaondoka na swali moja: yule alikuwa nani?

Ninayemzungumzia hapa (si nondo za zege) ni yule mdogo wa porini, ambaye mabawa yake yakitandazwa hufika sentimita mbili hadi tano, mwenye rangi ya kijivu, kahawia au weupe uliochafuka, na ambaye hushinda kwenye gome kutwa nzima bila kutikisika. Wengi wao ni wa familia ya Geometridae, na familia hiyo peke yake ina spishi zaidi ya 20,000 duniani. Kwa hiyo ile njia ya kupekua picha moja baada ya nyingine mpaka umpate "anayefanana naye" isahau. Mimi niliifuata muda mrefu, na nusu ya majina niliyoandika daftarini nimeyafuta. Kosa langu lilikuwa kuanza na rangi. Rangi ya nondo huyu kazi yake ni kudanganya, na imewadanganya ndege wenye macho makali kuliko yangu. Anza na mkao wake, fuata mistari ya mabawa, rangi iwe shahidi wa mwisho. Halafu ukipata nafasi, mlee tangu yai, kwa sababu kuna nondo wanaofanana kama mapacha ilhali viwavi wao hawana hata alama moja ya kufanana.

Vifaa si vingi: tochi, rula fupi, simu yenye kamera, kioo cha kukuzia mara kumi, kopo la plastiki lenye mdomo mpana na daftari. Ukitaka kutoka usiku, ongeza shuka jeupe na taa. Wavu wa kukimbizia vipepeo uache nyumbani.

Hatua ya 1: Jifunze kutazama gome

Toka asubuhi na mapema. Nondo aliyetua alfajiri hukaa palepale mpaka jioni asiposumbuliwa, na mwanga wa asubuhi huja ubavuni, jambo ambalo ni msaada mkubwa kwako.

Usisimame mbele ya mti ukaukodolea macho. Nenda pembeni, lete shavu lako karibu liguse shina, utazame gome kwa mshazari kana kwamba unakagua kama ubao umenyooka. Ukitazama kutoka mbele unatafuta rangi, na kwa rangi ameshakushinda. Ukitazama kutoka ubavuni unatafuta unene. Kitu kilicholala juu ya gome kina ukingo, na ukingo huacha kivuli, hata kama ni chembamba kama uzi wa kushonea.

Jambo la pili la kutafuta ni ulinganifu. Gome halina ulinganifu. Nyufa zake zinakwenda zinakotaka. Ukiona alama mbili zinazotazamana kushoto na kulia kama mtu na sura yake kiooni, simama hapo hapo, umempata. Mimi nondo wangu wengi nimewaona hivyo: sikuona mdudu, niliona mikunjo miwili iliyofanana kupita kiasi.

Usiishie usawa wa macho. Inua kichwa uangalie maungio ya tawi na shina, na tumbo la matawi, yaani upande wa chini. Picha nyingi huwaonyesha nondo hawa wakiwa shinani, kwa sababu ndipo mpiga picha anapofika bila ngazi. Michael Majerus wa Chuo Kikuu cha Cambridge alipanda miti kutafuta nondo aitwaye Biston betularia pale anapojichagulia mwenyewe mahali pa kulala, akawakuta wengi zaidi matawini kuliko shinani.

Ukibahatika kumwona akitua, vumilia dakika chache kabla ya kusogea. Nondo hatui tu na kukaa. Baadhi yao hutembea kidogo, wakageuka, wakajipanga upya mpaka mistari ya mabawa ikaungana na nyufa za gome. Watafiti wa Korea Kusini walilichunguza jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka 2012: nondo waliojipanga upya walikuwa vigumu zaidi kuonekana kuliko walivyokuwa pale walipotua kwanza. Kwako wewe mtambuzi, maana yake ni kwamba mkao wa mwisho ndio wenye habari. Kuna spishi zinazolala kichwa kikielekea juu, na zinazolala kwa upande kichwa kikielekea kushoto au kulia. Andika.

Usiku kazi ni nyepesi. Tundika shuka jeupe, washa taa mbele yake, subiri. Taa zenye miale ya urujuanimno huwavuta zaidi kuliko balbu ya kawaida. Chagua usiku wa joto, wenye mawingu, usio na upepo wala mbalamwezi. Ila kumbuka kwamba nondo aliye kwenye shuka amevuliwa nusu ya utambulisho wake: hujui angekaa kwenye mti gani wala angekaaje. Ndiyo maana bado naupenda zaidi mchana.

Hatua ya 2: Picha kwanza, mkono baadaye

Piga picha ukiwa mbali, kisha sogea hatua, piga tena. Unahitaji picha nne: ya juu kabisa huku kamera ikiwa sambamba na mabawa, ya ubavuni, ya uso, na moja yenye rula karibu naye. Watu hupiga ya juu tu. Ya ubavuni ndiyo huonyesha kama mabawa yamelala bapa au yameinuka, na ya uso huonyesha vipapasio na zile pembe mbili ndogo za mdomoni ambazo kwa baadhi ya familia ndizo zinazomaliza ubishi.

Piga pia picha ya mti: jani, gome, na matunda kama yapo. Utaona kwenye hatua ya nane kwa nini.

Hatua ya 3: Hakikisha kwamba ni nondo

Hapa hatukai sana. Nondo ana magamba madogo juu ya mabawa, yale yanayobaki kidoleni kama unga. Wapo wadudu wa kando ya maji wanaofanana na nondo wadogo wa kahawia, lakini mabawa yao yana vinyweleo badala ya magamba, na wakiwa wametulia vipapasio vyao virefu huelekea mbele. Kipepeo wa mchana vipapasio vyake huishia na kirungu; vya nondo ni kama uzi, au kama unyoya. Vipapasio vikiwa havionekani kabisa, kawaida amevificha chini ya mabawa, usihangaike.

Hatua ya 4: Soma mkao

Ukijua hatua hii vizuri, umeshapunguza spishi maelfu kwa kutazama mara moja.

Aliyelala bapa, mabawa manne yametandazwa kama karatasi iliyobandikwa kwenye mti, mwili mwembamba, na mabawa ya nyuma yakionekana: karibu hakika ni wa Geometridae. Ni huyu tunayemfuata.

Aliyekunja mabawa juu ya mgongo kama paa la nyumba, mwili mnene wenye manyoya shingoni, mabawa ya nyuma yamefichwa: huyo huenda ni wa familia ya Noctuidae au jamaa zake. Tazama katikati ya bawa la mbele. Kundi hili mara nyingi lina alama mbili, moja ya duara na nyingine yenye umbo la figo. Ukiiona ile figo, acha kumtafuta kwenye Geometridae.

Mdogo sana, chini ya sentimita mbili na nusu, umbo la pembetatu, na juu ya mabawa ya mbele kuna vishungi vya magamba vilivyosimama kama brashi: mtafute katika familia ya Nolidae. Vishungi hivi huonekana vizuri kwenye ile picha ya ubavuni uliyodhani haina maana. Na mwenye umbo la kengele, mabega mapana, mabawa yamekatwa mkato mnyoofu mwishoni, huwa ni wa Tortricidae.

Kuna mtego mmoja. Baadhi ya nondo wenye mabawa ya mbele ya kijivu kabisa, wa jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) iitwayo Catocala, wamefunika mabawa ya nyuma yenye rangi kali: nyekundu, njano au rangi ya machungwa yenye mikanda myeusi. Akishtuliwa huyafunua ghafla, ndege akasita, naye akapata nafasi ya kuruka. Kwa hiyo nondo wa kijivu aliyefunika mabawa ya nyuma, usiandike "wa kijivu mzima" mpaka umeyaona.

Hatua ya 5: Fuata mistari

Chukua picha ya juu na uikuze. Anzia pale bawa linapoungana na mwili, tembea kuelekea pindo la nje. Kwa kawaida utavuka mistari miwili mikuu: wa ndani, ulio karibu na mwili, na wa nje. Kati yake mara nyingi kuna nukta moja. Baada ya mstari wa nje huja ukanda uliopauka wenye mawimbi, kisha matamvua ya pembeni kabisa, ambayo yanaweza kuwa ya rangi moja au yenye madoa yanayopishana.

Jiulize maswali haya, moja baada ya jingine, na uandike majibu kwa maneno badala ya kuyaacha kichwani:

Je, mstari wa nje unaendelea kwenye bawa la nyuma, kana kwamba mtu ameuchora kwa mkupuo mmoja juu ya mabawa yote mawili? Kwa Geometridae wengi wanaolala bapa jibu ni ndiyo, kwa sababu mabawa yote manne yanaonekana na yote lazima yashiriki udanganyifu. Mstari umenyooka, umepinda mara moja, au una meno kama msumeno? Una jino lililotokeza kuliko mengine? Jino hilo moja limeshanitenganishia spishi mbili zilizokuwa zikinisumbua, pale ambapo rangi, ukubwa na mti vilikuwa vilevile. Nukta ya katikati ipo kwenye mabawa yote manne au ya mbele tu? Ni nukta kamili au ni pete yenye uwazi ndani? Pindo la bawa la nyuma ni laini au limekatwakatwa?

Andika pia mpangilio wa mistari ukilinganisha kushoto na kulia. Bawa likiwa limechakaa upande mmoja, upande wa pili hukusaidia.

Hatua ya 6: Rangi, sasa

Kwa nini nimeiweka huku mwisho? Mtazame huyo huyo Biston betularia. Wa kawaida ni mweupe mwenye vumbi la madoadoa meusi, na kwenye gome lenye likeni, yale mabaka ya kijivu na kijani yanayoota juu ya miti, hupotea kabisa. Mwaka 1848 alipatikana mweusi tii jijini Manchester, Uingereza, wakati moshi wa viwanda ulikuwa ukiua likeni na kupaka miti masizi. Kufikia mwaka 1895 karibu nondo 98 katika kila 100 wa spishi hiyo pale Manchester walikuwa weusi. Hewa iliposafishwa baada ya sheria ya mwaka 1956, weupe walirudi na weusi wakapungua hadi kuwa wachache. Mtafiti Bernard Kettlewell alijaribu jambo hili kwa vitendo miaka ya 1950, akiachia nondo waliotiwa alama kwenye misitu yenye masizi na isiyo na masizi. Baadaye Majerus alirudia kwa uangalifu zaidi kati ya mwaka 2001 na 2007, akitumia nondo 4,864, na jibu likawa lilelile: ndege huwala zaidi wale wasiofanana na mti.

Spishi moja, sura mbili ambazo mgeni angeapa kwamba ni wadudu wawili tofauti. Lakini mkao wao ni mmoja, umbo la bawa ni moja, vipapasio ni vilevile.

Tena nondo huzeeka. Magamba hupukutika, na aliyekuwa kahawia iliyoiva akiwa na siku mbili, akiwa na siku kumi huwa rangi ya vumbi. Ukimkuta mwenye matamvua yaliyochanika na mgongo wenye upara, rangi yake usiitegemee kwa lolote.

Hatua ya 7: Dume au jike

Tazama vipapasio kwa kioo. Kwa spishi nyingi dume ana vipapasio vyenye matawi mawili mawili kama unyoya, jike ana uzi mtupu. Dume anahitaji pua kubwa, kama tunaweza kuviita pua, kwa sababu jike hutoa harufu hafifu usiku na dume huifuata dhidi ya upepo kutoka mbali. Tumbo la jike ni nene, hasa kabla hajataga.

Kuna majike wasio na mabawa kabisa, au wenye vijibawa visivyoweza kuruka. Operophtera brumata, nondo wa misitu ya nchi za baridi, ni mfano: dume huruka, jike hupanda shina kwa miguu kama buibui mnono. Kwa hiyo kidude chenye miguu sita kinachopanda mti usiku, kihesabu miguu kabla hujakiita buibui.

Hatua ya 8: Mfuate tangu yai

Hapa ndipo pananipendeza, na ndipo jina linapothibitika. Jike uliyemkuta akiwa na tumbo nene muweke usiku mmoja kwenye kopo lenye kipande cha gome na karatasi iliyokunjwa. Mara nyingi asubuhi utakuta mayai yamechomekwa kwenye mikunjo. Kisha muachie.

*Yai.* Ni dogo kuliko kichwa cha pini, milimita moja au chini yake. Likiwa jipya huwa la kijani kibichi au la njano iliyofifia kwa wengi, na siku moja au mbili kabla ya kuanguliwa hugeuka rangi, kwa sababu kichwa cheusi cha kiwavi kimeanza kuonekana ndani. Kwenye joto huanguliwa baada ya wiki moja au mbili. Kuna spishi ambazo mayai yao hulala msimu mzima wa baridi, kwa hiyo yai lisiloanguliwa haraka usilitupe.

*Kiwavi.* Akitoka tu anahitaji jani, tena jani la mti wake. Ndiyo ile picha ya mti. Usipojua mti, weka majani machanga ya miti mitatu minne ya pale ulipomkuta jike, uone wapi panatokea vitundu. Viwavi wachanga wa misituni hujishusha kwa uzi wa hariri na kubebwa na upepo hadi mti mwingine, kwa hiyo kopo lifunikwe kwa kitambaa chembamba, la sivyo kesho utawatafuta ukutani.

Mwenendo wa kiwavi wa Geometridae hautausahau. Nyoosha kidole gumba na kidole cha shahada, kisha pima meza kwa kuvuta kidole cha nyuma mpaka kikutane na cha mbele. Ndivyo anavyotembea: anakaza miguu ya mbele, anavuta ya nyuma mpaka mgongo unasimama kama upinde, anajinyoosha tena. Jina Geometridae lenyewe linatokana na neno la Kigiriki la mpima ardhi. Sababu iko kwenye miguu. Ana miguu sita ya kweli mbele, na nyuma kabisa ana jozi mbili tu za miguu ya nyama, katikati hana kitu cha kushikilia. Viwavi wengi wa nondo wengine wana jozi tano za miguu hiyo ya nyama. Ukihesabu jozi sita au zaidi, huyo si kiwavi wa nondo hata kidogo. Ni mtoto wa mdudu wa jamii ya nyigu anayekula majani.

Akishtuka hushika kijiti kwa ile miguu ya nyuma, akajikaza kama mshale, akatokeza kwa mshazari kutoka kijitini kama kichipukizi. Ukimtazama karibu utaona uzi mmoja wa hariri kutoka mdomoni hadi kwenye kijiti, unaomsaidia kukaa hivyo kwa saa nyingi bila kuchoka. Viwavi wa Biston betularia huenda mbali zaidi: hubadili rangi polepole kufuata rangi ya kijiti walichokaa, wengine kijani, wengine kahawia. Na huko Marekani kuna Nemoria arizonaria, ambaye viwavi wa majira ya kuchipua hula maua ya mwaloni yanayoning'inia wakafanana na maua hayo, na viwavi wa kiangazi, walio watoto wa hao hao, hula majani wakafanana na vijiti. Mwaka 1989 mtafiti Erick Greene alionyesha kwamba kinachowatofautisha ni chakula. Kwa hiyo hata kiwavi, mrekodi pamoja na alichokula.

Atajibambua ngozi mara kadhaa, kwa wengi mara nne au tano. Siku ya kujibambua haogopi njaa: hali, hatembei, amevimba kichwani. Usimguse. Ondoa kinyesi kila siku na ubadilishe majani kabla hayajanyauka, lakini kiwavi mwenyewe usimbandue kwa vidole; kata kipande cha jani alichokalia ukiweke juu ya jani jipya. Kundi langu la kwanza nililiua kwa huruma. Nililoanisha majani kila asubuhi nikidhani wana kiu, nikafunga kifuniko, na siku ya nne kopo lilikuwa limejaa ukungu mweupe na harufu ya pombe. Maji wanayapata kwenye jani lenyewe.

Ikitokea kiwavi wako akatobolewa na vifuko vidogo vyeupe kama punje za mchele vikatokea juu ya ngozi yake, si mayai yake. Nyigu mdogo alimtagia ndani kabla hujamchukua. Nondo hutampata tena, lakini andika, kwa sababu ni habari nzuri kuhusu msitu huo.

*Pupa.* Kiwavi aliyekomaa huacha kula, rangi yake hufifia, na huanza kuzunguka kopo kana kwamba amepoteza funguo. Anatafuta udongo. Weka chini tabaka la sentimita tano la udongo laini uliochanganywa na majani yaliyooza. Wengi huingia humo, wengine hushona majani mawili kwa nyuzi chache na kujilaza katikati.

Baada ya siku chache utakuwa na pupa wa kahawia anayeng'aa. Ukimgusa kidogo atatikisa mkia. Ncha ya mkia ina vindoana, na umbo la vindoana hivyo hutofautiana kati ya spishi na spishi, kwa hiyo ipige picha ya karibu. Kisha rudisha udongo, nyunyizia maji kidogo mara moja kwa wiki, na uache. Lugha yetu imetufanyia utani mzuri hapa: ukiwa na pupa, pupa atakufa. Nimeshafukua mara tatu kwa wiki "kuona tu", na nimeshatupa aliyekuwa hai nikidhani ameoza. Kwenye joto wengine hutoka baada ya wiki mbili au tatu. Wengine hulala miezi mingi wakingoja majira yabadilike. Aliye hai ni mzito na mgumu. Aliyekufa ni mwepesi, au amelegea na kunuka. Kabla ya kutoka, rangi ya mabawa huanza kuonekana kupitia ganda.

*Kutoka.* Nondo hutoka akiwa na mabawa kama vitambaa vilivyoloa, madogo kuliko ukucha. Kitu cha kwanza anachofanya ni kupanda. Lazima apate kitu kilichosimama na chenye mikwaruzo, aning'inie na kusukuma maji ya mwili kwenye mishipa ya mabawa mpaka yanyooke. Niliwahi kumweka mmoja kwenye chupa ya kioo isiyo na kijiti. Alipanda akateleza, akapanda akateleza, na muda wa mabawa kukauka ukapita akiwa chini. Yalikauka yakiwa yamejikunja na hakuruka kamwe. Tangu siku hiyo kila kopo langu lina kipande cha gome kilichoegemezwa. Tone jekundu au la kahawia utakalolikuta karibu naye ni taka ya kipindi cha pupa, si damu.

Mpige picha sasa. Huyu ndiye kielelezo safi kuliko wote: magamba yote yapo, matamvua yote yapo, na unamjua mti wake, yai lake na kiwavi wake.

Hatua ya 9: Mpe jina, au usimpe

Sasa fungua kitabu au iNaturalist, tovuti ya kurekodi na kutambua viumbe, na utafute kwa mpangilio uleule: familia kwa mkao, jenasi kwa mistari na umbo la bawa, spishi kwa alama ndogo, mti na kiwavi. Programu ya kutambua kwa picha hupendekeza jina haraka sana, nami huitumia, lakini huisoma kama dokezo la jirani na si hati. Angalia kama spishi hiyo inapatikana kweli sehemu yako na kwa mwezi huo.

Wapo watakaokushinda. Jenasi Eupithecia, nondo wadogo wenye mabawa membamba waliolala kama ndege ya karatasi, ina spishi zaidi ya 1,000, na nyingi hutenganishwa kwa kuchunguza viungo vya uzazi chini ya hadubini. Kwa hao andika "Eupithecia" na uishie hapo. Jina la jenasi lililo sahihi lina manufaa kuliko jina la spishi la kubahatisha.

Daftarini weka tarehe, saa, mahali, aina ya mti, urefu kutoka ardhini, kichwa kilikoelekea, na tarehe za yai, kila kujibambua, pupa na kutoka.

Kumwachia, subiri jioni. Usiwakung'ute nondo kutoka kwenye shuka asubuhi wakati wa jua; ndege hujifunza haraka palipo na shuka, na kesho watakusubiri. Mpeleke kwenye mti wa aina ileile uliomkutia, mguse taratibu kwa ncha ya jani mpaka apande gomeni, kisha rudi nyuma hatua mbili. Atatembea kidogo, atageuka nusu duara, atajibana. Kama una tochi, sasa mulika kutoka ubavuni.